BARAZANI KWA MWALIMU: Mlima Mmoja wa Bwana Cézanne



Mwaka jana katika ukurasa huu tulizungumza habari za saa: kwa nini sisi tunahisabu tangu jua kuchomoza na wenyeji wetu wanahisabu tangu usiku wa manane. Nilipata simu nyingi, za kunisifu na moja ya kunigombeza. Mwaka huu Bwana Mhariri amenipa nafasi ile ile, nami nataka niwachukueni tukatazame picha. Najua wapo watakaoguna. Picha, na umri wote huu! Nivumilieni kidogo.

Kisa kilianza nyumbani kwa mwanangu wa kwanza. Mjukuu wangu ana miaka 16 na anatakiwa ajaze fomu ya masomo ya A-level. Baba yake alikwisha kumpangia: hisabati, kemia, baiolojia, halafu chuo kikuu akasomee ufamasia. Binti yeye kaandika hisabati, historia na sanaa. Sanaa yenyewe ya kuchora. Nyumba ikawa haikaliki, mama analia jikoni, baba anazungumza na televisheni. Nikapigiwa simu: "Baba, njoo uzungumze naye, wewe ndiye mwalimu." Nikaenda Jumamosi na hotuba yangu tayari, ya riziki na majukumu, hotuba niliyokwisha kuwasomea watoto wa watu kwa miaka mingi. Binti akanisikiliza kwa adabu mpaka nusu yake, kisha akasema: "Babu, kabla hujamaliza, twende mjini nikakuonyeshe kitu."

Akanipeleka Courtauld, katika jumba la Somerset House, pale Strand, London. Mlangoni wanatoza, jambo ambalo halikunipendeza, kwani National Gallery si mbali na pale ni bure. Tukapanda juu, akanisimamisha mbele ya picha moja, akanyamaza.

Upana wake haufiki mita moja. Kushoto umesimama msonobari, shina jembamba lililojipinda, nami mara ya kwanza nilidhania mvinje wa ufukweni kwetu. Matawi yake yanapita juu ya picha nzima mbele ya mbingu, na ukitazama vizuri utaona kwamba yanaufuata mgongo wa mlima ulioko nyuma, yanapanda unapopanda, yanashuka unaposhuka. Baina ya mti na mlima kuna bonde la mashamba, viraka vya kijani na manjano kama mkeka wa rangi, nyumba chache, na upande wa kulia daraja la reli lenye matao. Nyuma ya yote mlima umekaa, buluu na waridi.

"Watu wako wapi?" nikauliza.

"Hamna, Babu."

Hilo lilinistarehesha. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tulikua tukiziogopa picha za vyenye roho, na ukutani kwetu mlikuwa na saa, kalenda na Ayatul Kursiyu tu. Mlima na mti havina roho, hata maalim wetu, Mungu amrehemu, asingelikuwa na neno. Nikakaa kwenye benchi nikatazama kama dakika ishirini, na kwa mtu wa magoti yangu hiyo ni heshima kubwa kwa picha.

Mlima ule unaitwa Sainte-Victoire. Uko mashariki ya mji wa Aix-en-Provence, kusini ya Ufaransa, wa mawe meupe ya chokaa, na kimo chake ni kiasi cha mita 1,000. Aliyeuchora ni Paul Cézanne, mzaliwa wa mji huo huo wa Aix, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1839. Picha hii aliichora mnamo mwaka 1887. Mlima huo aliuchora kwa rangi za mafuta zaidi ya mara thelathini, ukiacha michoro mingi ya rangi za maji. Mlima ule ule, kutoka kusini magharibi, kutoka machimbo ya mawe ya Bibémus, kutoka kilima cha Lauves, asubuhi, jioni, akiwa kijana na akiwa mzee mwenye kisukari.

Vijana watauliza kwa nini mtu achore kitu kimoja mara thelathini. Wenzangu wa chuoni hawatauliza. Tunakumbuka tulivyoanzishwa alifu kwa kijiti, ukaiandika ubaoni, ikafutwa, ukaiandika tena, mpaka mkono ukafahamu jambo ambalo kichwa kilijidai kimeshalifahamu. Bwana huyu alikuwa na ubao wake, nao ni mlima.

Namna yake ya kuchora ilikuwa ya polepole mno. Hakuanza kwa kupiga mistari ya pembezoni kisha akajaza rangi, kama tunavyofanya sisi kwenye ramani. Aliweka alama ndogo ndogo za brashi, nyingi zikilala upande mmoja, bega kwa bega, na kwa kupanga rangi ya joto karibu na rangi ya baridi akalifanya bonde liingie ndani na mlima uje mbele. Waliokwenda kupiga picha kwa kamera karibu na pale aliposimama wameona kwamba mlima kwenye kamera ni mdogo, uko mbali. Yeye aliukuza. Jicho la mtu anayeupenda mlima haliuoni kama kamera inavyouona, na yeye alikuwa akiandika ushahidi wa jicho lake. Mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard alipokaa achorwe, mwaka 1899, ilimbidi akae mara 115, kwa masimulizi yake mwenyewe, bila ya kutikisika, na mwisho akaambiwa kwamba mahala pa kifua cha shati si pabaya sana. (Huyo Vollard, kwa faida ya ndugu zetu wenye asili ya Ngazija, alizaliwa kisiwa cha Réunion, katika bahari yetu wenyewe.)

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nisirudi kwenye ile hotuba yangu.

Baba yake, Louis-Auguste Cézanne, alianza maisha kwa biashara ya kofia. Akajikusanyia mali kidogo kidogo, na mwaka 1848 yeye na mwenzake wakainunua benki ya mji. Mwaka 1859 akanunua jumba la shamba nje kidogo ya Aix, liitwalo Jas de Bouffan. Mtu aliyetoka chini kwa jasho lake. Wangapi katika kitabu hiki wanamfahamu mtu huyo? Akataka mwanawe asome sheria, na mtoto akasoma sheria, huku jioni akenda kwenye darasa la kuchora la mji. Rafiki yake tangu skuli, Émile Zola, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa, alikuwa kesha hamia Paris na kila barua ilikuwa njoo, njoo. Hatimaye mwaka 1861 baba akaregea, kijana akenda Paris. Hakumaliza mwaka. Alirudi nyumbani amevunjika moyo akaingizwa katika benki ya baba yake. Mwaka uliofuata akaondoka tena.

Huko Paris chuo cha sanaa cha serikali hakikumpokea. Maonyesho makubwa ya kila mwaka, yaitwayo Salon, yalimkatalia picha zake mwaka baada ya mwaka. Yalimkubalia mara moja tu, mwaka 1882, kwa upendeleo wa rafiki aliyekuwa miongoni mwa waamuzi. Picha zake za ujana zilikuwa nzito, nyeusi, rangi imepakwa kwa kisu. Aliyemtoa humo ni Camille Pissarro, mtu mpole mwenye ndevu, mzaliwa wa kisiwa cha St Thomas huko Karibea, aliyemzidi miaka tisa. Tangu mwaka 1872 walichora pamoja nje, mashambani, katika vijiji vya Pontoise na Auvers. Pissarro akamfundisha kuacha weusi na kutazama. Yaani kutazama khasa. Mwaka 1874 walionyesha pamoja katika yale maonyesho ya kwanza ya watu walioitwa Impreshonisti, magazeti yakawacheka, na Cézanne akachekwa kuliko wenziwe. Baada ya maonyesho ya mwaka 1877 hakuonyesha nao tena, akajirudia kwao Aix.

Na gharama zote hizi nani akilipa? Baba. Kila mwezi, faranga 200. Baba hakuikubali kazi ile hata siku moja, walakini fedha zilikuja.

Mwaka 1869 Cézanne alikutana na mwanamke jina lake Hortense Fiquet, na Januari 1872 wakapata mtoto wa kiume. Mambo hayo alimficha baba yake. Alimficha miaka. Mwaka 1878 mzee, aliyekuwa na desturi ya kufungua barua za watu nyumbani mwake, akafungua barua iliyomtaja "Bibi Cézanne" na mtoto. Akapunguza fedha, kutoka 200 mpaka 100, kwa hoja kwamba mtu asiye na mke haitaji zaidi. Mwana akakana. Akamwandikia Zola amsaidie kumpelekea Hortense faranga 60. Na mwaka huo huo siku moja alikwenda Marseille kumtazama mtoto wake aliyekuwa mgonjwa, akaikosa treni ya kurudi. Basi akatembea kwa miguu kutoka Marseille mpaka Aix, kilomita 30, ili awahi chakula cha usiku mezani kwa baba yake asiulizwe alikuwa wapi. Akachelewa saa moja.

Mtu huyo alikuwa na miaka 39. Tafadhalini, lisomeni jambo hilo mara mbili. Mtu wa miaka 39, ana ndevu na upara, ana mtoto mgonjwa, anakimbia barabarani usiku kama mwanafunzi aliyechelewa kengele.

Na katika masika ya mwaka ule ule wa dhiki, alipokuwa ndani ya treni, aliuona mlima wa Sainte-Victoire dirishani wakati gari inapita, akamwandikia Zola kwamba pale pana jambo zuri la kuchorwa. Reli hiyo ilikuwa mpya, imefunguliwa mwaka mmoja nyuma. Daraja lililoko kwenye picha ya Courtauld ndilo la reli hiyo.

Mwaka 1886 mambo yote yalitokea kwa pamoja. Zola alitoa riwaya yake iitwayo L'Œuvre, habari ya mchoraji anayeshindwa na kujinyonga, na watu wakaona kwamba Cézanne yumo. Kwa muda mrefu wataalamu walisema urafiki ulikufa siku ile. Miaka ya karibuni imeonekana barua ya Novemba 1887 kutoka kwa Cézanne kwenda kwa Zola, kwa hivyo nasi walimu inatubidi tufute ubaoni tuandike upya. Aprili mwaka 1886 alimuoa Hortense, na mzee akahudhuria. Oktoba mzee akafariki, umri wake miaka 88, akamwachia mwanawe mali ya kumtosha kuchora maisha yake yote bila ya kuuza hata picha moja.

Hapa nitubu kidogo. Miaka ya themanini, kabla sijaja huku, nilikuwa nikisomesha hisabati katika skuli moja Unguja. Kulikuwa na mtoto akichora majahazi pembeni mwa daftari. Majahazi mazuri, hata kamba za tanga ungeweza kuzihisabu. Nililichana lile karatasi mbele ya darasa, nikamsimamisha kipindi kizima. Miaka michache iliyopita tulionana naye harusini Muscat. Ana duka la vipuri vya magari Dubai, mambo yake mazuri, alhamdulillahi. Akanikumbusha kisa kile mezani mbele ya watu, huku anacheka, na wote wakacheka. Nikamuuliza, bado unachora? Akasema, "Ah, Mwalimu!" akaendelea kula. Biriani ile haikunipita.

Tumalize habari za mchoraji. Umaarufu ulimjia uzeeni, na ulikuja kutoka Paris. Novemba 1895 Vollard alimfanyia maonyesho ya kwanza ya peke yake, Cézanne akiwa na miaka 56. Kabla ya hapo picha zake zilikuwa zikionekana kwa mzee Tanguy, muuza rangi, aliyezipokea badala ya fedha. Mwaka huo huo picha ya mlima tuliyokwenda kuitazama ilionyeshwa Aix, na wenyeji hawakuitaka. Ila kijana mmoja mshairi, Joachim Gasquet, aliisifu mno hadi mzee akampa bure, akaitia saini kwa ajili yake. Cézanne kwa kawaida hakutia saini. Saini iko pale pembeni, mjukuu wangu alinionyesha kwa kidole na mlinzi akamkoholea.

Tuna methali ya mcheza kwao hutunzwa. Aix hawakuisikia. Inasimuliwa kwamba mkuu wa jumba la makumbusho la mji, Henri Pontier, aliapa kuwa maadam yu hai haitaingia humo picha ya Cézanne. Jumba hilo lilikaa bila ya picha zake za mafuta mpaka mwaka 1984, serikali ya Ufaransa ilipowapa amana ya picha 8. Na mwaka 2025 mji mzima ukamfanyia sherehe. Huku London nako tusiwacheke sana Wafaransa: Novemba 1910, miaka minne baada ya kufa kwake, Roger Fry alipoleta picha zake pamoja na za Gauguin na Van Gogh katika ukumbi wa Grafton Galleries, watu waliostaarabika walikwenda kucheka. Ndipo lilipozuka jina la Posti-Impreshonisti, yaani waliokuja baada ya Impreshonisti. Fry alihitaji neno la kuweka kwenye tangazo. Baadaye Samuel Courtauld, tajiri wa viwanda vya hariri ya kutengenezwa, akaanza kununua. Mlima wetu aliununua mwaka 1925. Ndugu walioko Ghuba watakumbuka kwamba mwaka 2011 picha nyengine ya Cézanne, ya wacheza karata, ilinunuliwa kwenda Qatar, na magazeti yakaripoti bei ya zaidi ya dola milioni 250. Nilimtajia mwanangu bei hiyo kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kodi imo ndani.

Kufa kwake kulikuwa hivi. Oktoba 1906, umri wake miaka 67, alitoka kwenda kuchora nje, mvua kubwa ikamkuta, akabaki humo masaa. Akaletwa nyumbani juu ya gari la dobi. Asubuhi yake akainuka kwenda bustanini kuendelea na picha ya mkulima wake, mzee Vallier, akaanguka. Baada ya siku chache akafariki. Alikuwa ameshamwandikia kijana mmoja mwezi uliotangulia kwamba ameapa afe akichora.

Wiki mbili baada ya safari yetu nilimchukua mwanangu, peke yake, National Gallery. Ile ya bure. Nilitaka aone picha moja tu. Jumba lile la Jas de Bouffan lilipokuwa jipya kwao, Cézanne alipewa ruhusa na baba yake kuchora kuta za sebule, na akachora misimu minne ya mwaka, kwa mzaha akaitia saini ya mchoraji mkubwa Ingres. Kisha katikati yake, mnamo mwaka 1865, juu ya plasta ile ile, kwa rangi za nyumba, akamchora baba yake: mzee amekaa upande, kofia kichwani, anasoma gazeti. Kubwa, karibu ukubwa wa mtu. Miaka mingi baadaye kipande kile cha ukuta kilibanduliwa, na kikafika London.

Mwanangu alisimama mbele yake na koti mkononi. Mzee wa kwenye picha hamtazami mtu, kainamia gazeti lake.

"Amemruhusu kuchora ukuta wa sebule?"

"Amemruhusu."

"Na bado hataki awe mchoraji."

"Hataki."

Akakaa kimya. Watalii wakapita mbele yetu. Kisha akaniuliza: "Na ile picha ya mlima aliyokuonyesha binti, huyu mzee aliwahi kuiona?"

Nikamwambia mzee alifariki Oktoba 1886, na picha ni ya mnamo 1887.

Tukarudi nyumbani kwa basi. Ninapoandika haya Bwana Mhariri ananihimiza nimalize, na fomu bado iko juu ya friji, imebanwa kwa sumaku ya Burj Khalifa. Inatakiwa skuli Ijumaa.